Risala ya Kwale wa Jimbo la Mashariki

Jumatatu, 2 Julai 1934

Leo nimepata wazo! Naandika haraka, mlango wa duka umerudishwa.

Kwanza hali ilivyo. Jana Mama, Bi Mauza, alituita mimi na mdogo wangu Salem. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13, anapanda meli kwenda Unguja kwa dada yake, na huenda asirudi kabla ya mwaka kuisha. Funguo za duka la marehemu baba, ambazo hazijawahi kutoka kwenye pindo la leso yake, atamwachia mmoja wetu. Nikauliza yupi. Akasema yule ambaye akitajwa sokoni watu hawacheki.

Hapo alinitazama mimi. Kisa ni ile sabuni yangu ya maganda ya machungwa, ambayo watu wameikuza mno. Walioharibika ngozi ni wanne tu, na mmoja ameshapona.

Mimi, Mbaruk, ndiye mkubwa. Duka la nafaka la Mtaa wa Msimbazi ni langu kwa haki ya kuzaliwa mbele. Salem ana sifa moja tu: anajua kupima mtama na kunyamaza. Mtu asiyesema kitu atachekwa kwa lipi?

Sasa wazo. Asubuhi nilikuwa kwenye benchi la Zahoro muuza kahawa. Wilbert, yule karani anayewaandikia watu barua kwa taipu pembeni ya soko, alikuwa akisoma kipande cha gazeti kuukuu kilichofungia karanga zake. Akatusomea kwamba huko Amerika kuna jimbo ambalo baraza lake liliketi likamchagua ndege mmoja awe ndege wa jimbo. Kwa sheria! Zahoro alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Mimi sikucheka. Niliona mbali. Nchi yetu ina twiga kwenye stempu. Vizuri, lakini hapa Kariakoo nani amewahi kumwona twiga? Na Jimbo letu la Mashariki lina nini? Hakuna! Kunguru ni mwizi. Kuku ni wa dunia nzima. Nikafikiri, nikafikiri, nikampata. Kwale! Ndege wa porini, wa majani ya Jangwani na vilima vya Pugu. Anaamka kabla ya mtu yeyote. Anatembea kifua mbele. Hana haja ya kurukaruka ovyo. Nilipokuwa namfikiria nilijiona mwenyewe.

Risala iende Baraza la Kutunga Sheria. Jina langu liwe juu. Tuone nani atacheka.

Jumanne, 3 Julai

Siku kubwa. Nimefanya kazi ya mabalozi wawili.

Kwanza Wilbert. Nilimweleza, akaweka karatasi kwenye taipu, akaandika kichwa cha maneno, akasimama. Akauliza: huyo kwale akishapewa sheria yake, atafanywa nini? Nikamwambia aache nafasi, nakuja.

Nikavuka barabara kwa Madhuben. Huyu ni mjane, ana duka la vitambaa mkabala na letu, mwanamke wa dini sana. Hali nyama, hali yai, hata mbu humfukuza kwa upole. Na jambo kubwa: Mheshimiwa Girish, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ni mtoto wa kaka yake. Nilimwambia sheria yangu itakataza kabisa mtu yeyote kumwua kwale katika jimbo zima. Machozi yakamtoka! Akasema miaka yote amekuwa akinunua njiwa na kwale wa wawindaji pale sokoni ili awafungulie waende zao, na wawindaji wanawasubiri pembeni wawakamate tena. Akaniita mwanawe. Akaahidi majina ya wanawake wote wa ibada yake, na Girish juu yao.

Jioni nikaenda kwa Ami Muhiddin, mdogo wa marehemu baba, mtegaji mkubwa wa ndege na mlaji mkubwa zaidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha vizuri. Nilipofika kwenye kutochinjwa nikamwona anakisogeza mbali kidau cha wino nilichomletea atie kidole. Akaniuliza kama kwale hachinjwi, Mungu alimwumbia nini nyama ile. Nikaona uso wake. Papo hapo nikasema hapana Ami, hukunisikiliza mpaka mwisho! Sheria itatenga siku moja kila mwaka, jimbo zima lile pilau ya kwale, na mchele utoke serikalini. Akanikumbatia. Akawaita wenzake kumi na saba kutoka msikitini, wote wakaweka vidole kwenye karatasi tupu, maneno yafuate.

Nimewaambia watu wawili maneno mawili. Si uongo. Ni maandalizi.

Jumatano, 4 Julai

Wilbert ni mtu wa elimu lakini moyo wake mdogo. Nilimwagiza kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: kwale asichinjwe milele. Ukurasa wa pili: kwale achinjwe kila mwaka kwa shangwe. Juu yake jalada moja zuri, RISALA YA WAKAZI WA KARIAKOO, na jina langu kwa herufi kubwa.

Akasema kurasa hizi zinapigana. Nikamweleza kwamba Baraza lina wajumbe wengi na kila mjumbe ana ladha yake. Tukiwapelekea ukurasa mmoja tutakuwa tumewanyima hiari.  Kisha akaomba jina lake lisionekane popote.

Wivu! Kila jambo kubwa lina watu wake wa kuogopa.

Alhamisi, 5 Julai

Majina mia mbili na kumi na mawili! Vidole vyangu ni vyeusi kwa wino wa watu. Wahindi wanatia sahihi kwenye ukurasa wa kwanza, Waarabu na Waswahili wa msikitini kwenye wa pili. Nimeweka kurasa katika mifuko tofauti ya kanzu, kulia na kushoto, na nimekosea mara moja tu. Mzee mmoja wa Ilala alipewa ukurasa wa kutochinja. Bahati njema hajui kusoma.

Salem amekataa kutia kidole. Eti anataka kujua kwanza ni ukurasa upi. Swali la mtu mdogo.

Madhuben ameleta habari kwamba Mheshimiwa Girish angependa kumwona ndege mwenyewe, kwa kuwa wengine katika Baraza hawajui kwale ni nani. Nikamwarifu Ami Muhiddin. Alasiri akarudi kutoka Jangwani na dume moja zuri ndani ya tundu. Hai, hana jeraha. Ami hatumii bunduki. Ndege aliyekufa kabla ya kisu, anasema, ni hasara kwa kila mtu. Nimemtundika mbele ya duka. Ana shingo nyekundu, miguu myekundu, jicho la kudharau. Fahari tupu.

Ijumaa, 6 Julai

Kwale ameamka kabla ya adhana, akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukaketi vitandani. Muadhini amekuja kulalamika kwamba watu wamewahi msikitini wakamkuta yeye bado anatawadha. Nilimjibu kwamba huo ndio utumishi wa umma.

Asubuhi Madhuben alileta uwele ulioroweshwa, akamlisha ndege punje kwa punje, akamwimbia, akamfunga uzi mwekundu mguuni kwa baraka.

Baada ya sala ya Ijumaa akapita Ami Muhiddin. Akapitisha vidole tunduni, akaminya kifua cha ndege, akatabasamu. Akasema sijui umemlisha nini, Mbaruk, lakini endelea. Akauliza uzi ni wa nini. Nikamwambia ni alama, asije akachanganywa na wengine. Akanisifu kwa uangalifu.

Tangu nizaliwe sijawahi kushukuriwa mara mbili kwa ndege mmoja.

Jumapili, 8 Julai

Leo Zahoro ameniita Mheshimiwa. Huenda alikuwa anatania, mdomo wake ulikuwa na namna. Lakini kikombe cha kwanza alinipa mimi! Salem alikuwa pale pale, akasubiri.

Nikaenda mbio kumwambia Mama.  Niliona kwa macho yangu akilifungua lile fundo la leso, akazitazama funguo, akalifunga tena. Mwanamke anayejua atampa nani hafungui fundo. Anafikiri! Wiki iliyopita hakuwa anafikiri hata kidogo.

Taarifa imeletwa kwa Madhuben: Mheshimiwa atafika dukani Jumanne saa kumi alasiri, aipokee risala kwa mkono wake na amwone ndege. Nimeziarifu pande zote mbili. Kila upande nimeuambia uje kwa wingi na kinachohitajika kwa heshima ya siku hiyo. Watu wakijaa, Mheshimiwa ataona nguvu zangu.

Salem akaniuliza kama nina hakika ni busara wote waje saa ile ile. Nikamwuliza yeye ameita wajumbe wangapi maishani mwake.

Jumanne, 10 Julai

Niandike kwa utaratibu. Nimetulia. Nimeshakunywa maji.

Saa kumi kasoro robo walifika wanawake wa Madhuben, thelathini, wamevaa vizuri, na taji la maua la kimo cha kwale. Wakaketi upande wa kulia wa duka wakaanza kuimba. Nilifurahi.

Saa kumi kasoro dakika kumi alifika Ami Muhiddin na watu wake. Walikuja na masufuria mawili makubwa, kuni, mchele uliochaguliwa tayari, na mpishi. Wakatua upande wa kushoto, wakainjika. Harufu ya vitunguu ikavuka kwenda upande wa kulia. Nyimbo zikapungua. 

Nikawaambia wanawake kwamba wale ni wapita njia. Nikawaambia wapishi kwamba wale ni wateja wa vitambaa.

Saa kumi kamili akashuka Mheshimiwa Girish kutoka garini. Mtu mfupi, suti nyeupe, miwani. Mama ametoka, amekaa mlangoni kwenye kiti cha marehemu baba. Zahoro ameacha kahawa yake. Kariakoo nzima iko mtaani. Nikamkabidhi risala kwa mikono miwili. Naapa, kwa muda wa pumzi tano nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Dar es Salaam.

Mheshimiwa akafungua jalada. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, Madhuben akawatafsiria wanawake wake. Shangwe upande wa kulia! Upande wa kushoto vijiko vikabaki hewani. Akageuza. Akasoma ukurasa wa pili kwa sauti. Shangwe upande wa kushoto! Upande wa kulia mtu mmoja akapiga yowe.

Akavua miwani. Akaniuliza, mbele ya Mama, ukurasa wangu ni upi.

Nilimjibu zote mbili, Mheshimiwa, kwa idhini yako.

Sitaki kuandika kicheko kile. Kilianzia kwa Zahoro kikaenda mpaka sokoni na kurudi.

Ami Muhiddin hakucheka. Yeye ni mtu wa vitendo. Alifikiri ubishi utapoozesha sufuria. Akatoa ndege tunduni, akaelekea kibla, akainua kisu. Madhuben, mwanamke wa miaka sitini, alivuka barabara nikaona vumbi tu. Akaushika mguu wenye uzi. Ami ana kichwa, yeye ana mguu, na kila mmoja ananiita mimi shahidi! Mbaruk, uliniahidi! Mbaruk, si ulisema wewe! Nilitaka ardhi inimeze. Nasema kweli, niliona aibu.

Hapo Mama akasimama. Hakupaza sauti. Akasema ndege huyu amekula na kulala nyumbani kwake siku sita, basi ni mgeni wake, na mgeni wa nyumba ya marehemu hanyongwi wala hagombewi mlangoni. Wamwache. Wakamwacha.

Na sasa nafika kwenye jambo la leo ambalo hakuna atakayelikumbuka ila mimi. Kwale hakuruka. Alitua chini, akajikung'uta, akatembea. Kifua mbele, uzi mwekundu mguuni, akapita katikati ya watu mia tatu, hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipofika kwa Mheshimiwa Girish alisimama. Na Mheshimiwa akasogea kando akampisha! Kwale akaendelea zake, akashika njia ya Jangwani, akapotea.

Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria amempisha kwale barabarani. Kama hiyo si heshima ya serikali, ni nini?

Salem, nimesikia, aliwaambia wapishi waweke mchele na dengu za dukani bila nyama, wakala pande zote mbili. Jambo la kawaida kabisa. Mtu yeyote angefikiria hivyo.

Jumatano, 11 Julai

Sikutoka nje. Nilimtuma mtu kahawa, akarudi na salamu za Zahoro: anauliza nataka kikombe kinachonyweka au kisichonyweka.

Ami Muhiddin amesema mimi si mtoto wa kaka yake mpaka Idi. Madhuben amefunga dirisha lililo mkabala na langu, na kulifunga tena kwa ndani.

Mama hajaniuliza kitu. Afadhali angegomba. Alikuwa anapanga nguo zake sandukuni, moja moja, na funguo zikilia kila akiinama. Nilikaa ukumbini nikizisikiliza. Nilijisikia vibaya sana, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma.

Ijumaa, 13 Julai

BARUA!

Saa tatu asubuhi, tarishi mwenye kofia na mkoba akasimama mlangoni akataja jina langu lote mbele ya watu wa sokoni. Hakuna aliyecheka! Bahasha ndefu, ya serikali. Mheshimiwa Girish aliipeleka risala kweli. Mtu wa haki.

Wilbert akaja kuisoma, maana ni Kiingereza. Akanitafsiria polepole. Inasema: ombi lako kuhusu ndege aitwaye kwale limepokelewa. Halikupatikana sababu ya kulifanyia chochote. Limewekwa katika faili.

Faili! Kuna faili la serikali lenye kwale ndani, na jina langu juu yake! Wazungu watakufa, sisi tutakufa, faili litakuwepo.

Nikampelekea Mama. Meli inaondoka mchana, sanduku limeshafungwa kamba. Nikamsomea kama nilivyofundishwa na Wilbert. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza jina la baba yako limo? Nikamwonyesha: Mbaruk bin Said. Akaweka kidole juu ya lile Said, hakukiondoa kwa muda. Akaniambia nisome mara ya tatu. Kisha akaikunja ile barua, akaiweka kifuani, akasema anakwenda kumwonyesha dada yake Unguja. Macho yake yalikuwa yamejaa. Yangu pia.

Akafungua fundo la leso. Nikatoa mkono.

Akampa Salem.

Nilibaki nimenyoosha mkono hivyo hivyo. Mama akaushika kwa mikono yake miwili. Akasema mtu ambaye serikali inamwandikia barua haifai akae anapima mtama. Akanibusu kichwani. Halafu akamwambia Salem kwa sauti ya chini, nami nikasikia, kwamba asinipe ufunguo hata wa kabati la sukari.

Nimemsindikiza mpaka bandarini. Njia nzima alishika kifua pale palipo na barua. Mama yangu amenionea fahari! Nani mwingine Kariakoo amefikishwa Unguja ndani ya kifua cha mama yake kwa maandishi ya serikali? Salem kapata funguo tu.

Jumamosi, 14 Julai

Nimelala vizuri. Nimewaza kwa makini juu ya yote yaliyotokea, bila kujipendelea, na kosa nimeliona wazi kabisa.

Niliwaita siku moja.

Upande mmoja ungekuja Jumatano na wa pili Alhamisi, leo kwale ana sheria. Ni jambo la ratiba tu. Mtu mwenye akili anapogundua kosa lake analirekebisha.

Sasa faili la ndege lipo, lakini la samaki halipo! Jimbo zima, pwani yote hii, halina samaki wake kwa sheria. Nguru! Nimeshaanza. Mheshimiwa tayari ananijua kwa sura. Madhuben hasemi nami, lakini kuna wanawake wa ibada mtaa wa pili, hao nitawaambia nguru hatavuliwa tena kamwe. Wavuvi wa Magogoni nitawaambia hakuna atakayeruhusiwa kumvua ila wao. Saa nne nimemfuata Wilbert pembeni ya soko. Akaniona naja, akashika kichwa. Akauliza kwa huzuni kama ni kurasa mbili tena.

Nimemwambia hapana. Mimi ni mtu wa kujifunza. Wakristo wa Msimbazi nao hula samaki siku ya Ijumaa.

Kurasa tatu.